Benchi la Horohoro

Msambweni,
26 Februari 2024

Kwa mtani wangu, Inspekta Samuel Randu,

Shikamoo, ijapokuwa mtani haamkiwi. U hali gani huko mpakani na vumbi lako? Sisi huku tu wazima, jua tu ndilo linatumaliza.

Usishangae kupata barua ya mkono. Simu yako na yangu zote zina masikio ya watu wengine, na jambo hili nataka likufikie wewe, si ofisi yako. Anayekuletea ni Mishi, muuza mitumba, anayekuja huko kila siku ya gulio. Hajui kilichomo.

Juzi nilikuwa uani nakuna nazi, Twaiba akaingia bila hodi. Twaiba ni jirani yangu, yule anayepika mahamri ya kuuza pale karibu na hospitali. Mwanawe, Feisal, aliaga miaka sita iliyopita kwamba anakwenda Malindi kwenye kazi ya ujenzi. Baadaye tukasikia yuko Somalia. Tangu hapo mama yake hajamtaja mbele za watu, nasi hatumwulizi. Sasa akasimama mbele yangu, akasema:

"Mwanapili, Feisal yu hai. Yuko Tanga. Amenipigia."

"Anataka nini?"

"Anataka kurudi, amechoka. Na asema kuna watu anaowajua wamejiandaa kufanya uovu Diani siku za Pasaka. Yuko tayari kusema yote."

Nikamwambia mimi ni naibu wa chifu, jambo hili halilali, naingia ndani kuchukua simu. Akanishika mkono ukiwa na nazi vile vile.

"Umpigie nani? Nitajie jina la mtu."

Samuel, nilikosa jina. Huku kwetu kila mtu anakumbuka yaliyompata Sefu, mtoto wa Hasina. Naye alirudi, naibu wa chifu aliyekuwako kabla yangu akampeleka kwenye ofisi moja, wakamhoji, wakamwachia. Wiki iliyofuata wakaja wengine kwa gari lisilo na nambari, wakamchukua. Hawa wakiulizwa wanasema waulize wale, wale wanasema waulize hawa. Hasina mpaka leo hajakaa matanga, kwa sababu hajaambiwa kama mwanawe amekufa.

Wewe tulikaa pamoja kwenye ile semina ya usalama pale Kwale, na ulikuwa afisa pekee aliyesema kweli kwamba ofisi zetu haziongei. Basi niambie. Nimpigie nani?

Mtani wako,
Mwanapili


Lunga Lunga,
1 Machi 2024

Bi. Mwanapili,

Marahaba. Barua nimeipata.

Kisheria umeshachelewa. Ulipaswa kutoa taarifa siku ile ile uliyoambiwa. Naomba uniandikie mara moja: kijana yuko wapi hasa Tanga, kwa nani, anatumia nambari gani, na anakusudia kuvuka kwa njia ipi. Akipita vichochoroni atahesabiwa adui na kila atakayemkuta, nami sitaweza kumsaidia. Umwambie mama yake asizungumze na mtu.

Hapa mpakani tuko ofisi nyingi chini ya paa moja. Tunakunywa chai ya birika moja, na kila mmoja anafunika karatasi zake mwenzake akipita. Sikuahidi kitu.

Ujue pia kwamba barua yangu ya kuomba uhamisho kwenda Kinango iko mezani kwa mkubwa wangu, inangoja saini. Mbodze, mke wangu, amekatwa vidole vya mguu kwa ajili ya sukari na anaishi huko na shangazi yake. Huu si wakati wangu wa kujitafutia makosa.

S. Randu


Msambweni,
7 Machi 2024

Inspekta,

Umeniandikia kama hakimu. Nilikuandikia kama mtani, nikapata mashtaka.

Nambari ya Feisal sikupi, na alipo sikwambii, kwa sababu mimi mwenyewe sikutaka kuambiwa. Twaiba ndiye anayezungumza naye. Kisichojulikana hakitolewi.

Lakini nikueleze ya jana. Tuliitwa kikao cha usalama kujiandaa na Ramadhani na Pasaka. Walikuja watatu kutoka ofisi tatu. Sitaandika ofisi zao. Mmoja ana miwani, mmoja alivaa koti kwenye joto lile, wa tatu ana simu mbili. Kikao kilikwenda hadi adhuhuri. Kila mmoja alisimama, akasema hali ni shwari na wao wanalishughulikia. Lipi wanalolishughulikia, hakuna aliyesema.

Tulipotoka nje, wa miwani akanivuta kando. "Mama, tumesikia kuna vijana wanataka kurudi. Ukimpata, niambie mimi kwanza. Mimi peke yangu." Nikaenda kunawa mikono, mwenye koti akanifuata. "Ukimpata, niambie mimi kwanza." Naingia kwenye tuktuk, mwenye simu mbili ameshika mlango. "Niambie mimi peke yangu, hao wengine huwajui."

Wote watatu wana harufu ya jambo lile lile, Samuel. Kila mmoja ameshika kipande chake na anakificha kwa wenzake kuliko anavyokificha kwa adui. Na Pasaka inakuja. Dadangu mdogo anafanya kazi jikoni katika hoteli moja pale Diani. Juzi kanionyesha zamu yake: Jumapili ya Pasaka, asubuhi mpaka jioni. Nimeangalia tu, sikumwambia kitu.

Twaiba amekonda. Hasina naye amekuwa akija kukaa naye. Wanachambua mchele. Sijui kama Hasina anajua.

Pole kwa Mbodze. Hilo hukuniambia kwenye semina.

Mwanapili


Lunga Lunga,
12 Machi 2024

Mtani,

Ramadhani njema. Unisamehe kwa barua ile. Niliiandika nikiwa nimetoka zamu, na katika kazi hii mtu akichoka anaanza kuandika kama fomu.

Nimefikiri sana. Sefu wa Hasina alijulikana na ofisi moja, ndiyo maana ilikuwa rahisi apotee. Huyu wako na ajulikane na zote, siku moja, saa moja. Asiwepo wa kwanza. Wakimwona wote kwa pamoja, mbele ya watu, kila mmoja atakuwa shahidi wa mwenzake, na hakuna atakayeweza kusema hamjui.

Kwa hiyo aje langoni mchana kweupe. Jumanne ijayo, siku ya gulio, saa nne asubuhi. Malori yamejaa, bodaboda zimejaa, mama mboga wako kila pembe. Avae shati jeupe, atembee polepole, mikono ionekane. Wewe na mama yake msimame upande huu, karibu na kizuizi. Mimi nitawapelekea wale watatu, ambao nimewatambua kwa sifa ulizoniandikia, ujumbe mmoja asubuhi hiyo, wote majina yao yakiwa juu, kila mmoja aone kwamba mwenzake ameupata.

Mkubwa wangu hatapenda nikimruka. Nimemwambia Mbodze kwamba uhamisho huenda ukachelewa. Akasema mguu wake haukimbii tena popote, nifanye kazi yangu.

Samuel


Msambweni,
20 Machi 2024

Kwa Inspekta Randu,

Sina salamu.

Ulituambia saa nne. Tulikuwa pale tangu jua halijapanda, tumefunga, Twaiba ameshika kanzu ya Feisal aliyokuwa akisalia Idi, ameipiga pasi. Saa nne ikafika, saa tano ikapita. Shati jeupe hatukuliona. Tuliyoyaona ni magari matatu yameegeshwa pembeni, vioo vyeusi, injini zikinguruma, kila gari limegeuza pua upande wake. Kama ulitaka kumtisha kijana asitie mguu, hungeweza kupanga vizuri zaidi.

Kisha ninyi wenyewe mkatoweka. Wa miwani, wa koti, wa simu mbili, nawe. Nikaenda ofisini kwako, askari kijana akaniambia, "Afande ametoka." Ametoka kwenda wapi? "Ametoka tu, mama." Nilikupigia, simu imezimwa. Twaiba alimpigia Feisal, imezimwa. Tulisimama mpaka alasiri. Tulipoondoka, magari yalikuwa bado pale, madereva wamelala.

Njiani Twaiba hakulia. Aliniambia, "Nilikuuliza jina, ukanipa hili."

Kama umemtoa, niambie umemtoa kwa nani. Kama uhamisho wako umetiwa saini, niambie pia, nijue bei.

Mwanapili Hamisi,
Naibu wa Chifu


Lunga Lunga,
22 Machi 2024

Mtani,

Jana jioni, mara niliporuhusiwa, nilimpigia Twaiba, nikampa Feisal azungumze naye mwenyewe. Najua ameshakwambia yu salama. Lakini nina deni la kukueleza, na bei uliyoitaja imenichoma, kwa hiyo nitaandika yote.

Feisal alifika mapema, upande wa Tanzania. Kutoka kule Horohoro aliyaona yale magari. Niliwaandikia waje, sikuwaandikia waje vipi. Hilo ni kosa langu. Akageuka kukimbia. Sajenti Mhina wa upande ule akamshika shati. Mhina na mimi tunafahamiana kwa miaka, tangu enzi za kufukuzana na wezi wa ng'ombe, wanaoiba kwetu wakauza kwao, na wanaoiba kwao wakauza kwetu. Akanipigia: "Randu, nina mtu wako hapa anatetemeka. Anasema Kenya haingii."

Nikavuka kwa miguu. Sikuomba ruhusa, kwa kuwa nilijua nitakaloambiwa.

Nilimkuta kwenye benchi chumbani kwa Mhina. Ni mwembamba, ana kovu shingoni, anazungumza na sakafu. Nikamwambia mama yako yuko pale ng'ambo. Akasema, "Nimemwona. Na wale waliomzunguka nimewaona." Nikamwambia basi sema nami. Akasema, "Nikisema nawe peke yako, hata wewe watakuua."

Nikawaita wale watatu waje kule. Walikuja wamekasirika, kila mmoja akitaka kuingia kwanza. Mhina akasimama mlangoni, naye ni mtu wa mwili mkubwa. "Karibuni Tanzania," akasema. "Mkitaka kumsikiliza, mtamsikiliza wote pamoja, na simu zinabaki hapa. Hamtaki, nitamkabidhi kwa wakubwa wangu Tanga, nanyi mtapata habari kupitia wizara zenu, labda Krismasi."

Simu zetu zote akazitia ndani ya kapu la sukari, akalifungia kabatini. Ndiyo sababu hukunipata. Nilikuwa nikiwafikiria ninyi wawili pale juani na njaa ya saumu, nisiweze hata kutuma mtu, maana Mhina alifunga mlango.

Benchi lilikuwa moja. Watatu wale wakakaa bega kwa bega kama watoto wa madrasa, Feisal mbele yao. Akaanza kusema. Majina mawili na namna watu hao walivyoingia. Wa miwani akageuza shingo; jina moja alikuwa nalo, ila alidhani mtu huyo yuko Lamu. Feisal akasema wamekodi nyumba Diani, nyuma ya hoteli, lango la kijani. Mwenye koti akafumba macho. Mlinzi wa jirani alishamripotia nyumba hiyo tangu Januari, akadhani ni ya wauza bangi. Feisal akataja pikipiki. Mwenye simu mbili akasema nambari yake kabla Feisal hajamaliza.

Wakatazamana. Nilitazamia wafurahi, lakini niliona uso wa mtu aliyegundua kwamba ufunguo anaoutafuta umekaa mfukoni mwa mwenziwe mwezi mzima. Mhina akasogeza birika. "Chai?" akauliza, kisha akakumbuka Ramadhani, akaomba radhi.

Mambo hayakuisha hapo. Walibishana nani amchukue mpaka ninyi mkawa mmekwisha ondoka. Mwishowe Feisal mwenyewe akasema, "Nitavuka tukivuka sote." Basi tukavuka sote kwa miguu, yeye katikati, mbele ya madereva wa malori na wauza miwa. Sijawahi kuona maafisa hao wakitembea pamoja.

Uhamisho wangu haujatiwa saini. Ungeuliza tu, ningekujibu.

Samuel


Msambweni,
2 Aprili 2024

Mtani, ndugu yangu,

Nilikosea, na nilikosea kwa maandishi, ambayo hayafutiki. Nisamehe. Mwezi huu mtukufu nimefunga chakula nikaacha ulimi wazi.

Umesikia, lakini nikwambie kama nilivyoambiwa na dadangu wa hotelini. Jumanne kabla ya Pasaka, alfajiri, waliingia nyumba ya lango la kijani, ofisi zote tatu. Watu watatu walikamatwa, hakuna risasi iliyolia. Jirani mmoja Mzungu alitoka na taulo akauliza kama maji yamekatika. Jumapili ya Pasaka hoteli zilijaa, watoto walijenga nyumba za mchanga, tuktuk zilipiga kelele mpaka magharibi. Dadangu alirudi amechoka, analalamikia miguu na wageni wanaoacha chakula. Nilimkanda miguu. Alishangaa, maana si kawaida yangu.

Nilidhani nitafurahi. Nimelala tu, mtani. Nimelala kama aliyetoka msibani.

Na redioni nimesikia ofisi moja ikijisifu kwamba kazi ni yake. Jioni redio nyingine ikataja ofisi nyingine. Feisal hatajwi, na hilo ni heri. Lakini ndilo ninalokuandikia.

Twaiba alikwenda Ijumaa kumwona kule tulikoambiwa amewekwa, na bakuli la tambi za futari. Wakamwambia hayuko hapa, amehamishwa; ile kanzu aliyomletea wakaipokea, bakuli wakalirudisha. Na nani? Hawajui. Tukamfuata mwenye koti. Akasema yuko kwa wa miwani. Wa miwani hapokei simu. Twaiba amekaa na bakuli lile mapajani njia nzima ya kurudi. Tulipofika Hasina alikuwa mlangoni, akamtazama usoni mara moja, akajua. Akaingia ndani akaanza kumtandikia kitanda, kama watu wanavyomtandikia mfiwa.

Samuel, yuko wapi?

Mwanapili


Kwale,
8 Aprili 2024

Mtani,

Naandika nikiwa kwenye ngazi za mahakama. Nimemwona kwa macho yangu, leo, saa tatu. Amesimama mbele ya hakimu, amevaa ile kanzu aliyopigiwa pasi na mama yake. Yu mzima. Mpelekee Twaiba habari hii kabla hujaendelea kusoma.

Sasa nikueleze. Nilipopata barua yako sikuandika, nilipanda gari nikaja. Nilianza na mwenye simu mbili. Aliniambia, "Inspekta, mimi nilimwona, na wale wawili waliniona nikimwona. Akipotea nitasema nini?" Akapiga simu kwa wa koti, wa koti akamtafuta wa miwani kwa nambari ya mke wa huyo wa miwani, akapokea. Kumbe walimhamisha kwa sababu kituo cha kwanza kilikuwa na mahabusu wanaomfahamu. Wa miwani alidhani mwenye koti ataiambia familia. Mwenye koti alidhani ni mwenye simu mbili. Naye alidhani ni wewe.

Hapakuwa na ubaya safari hii. Palikuwa na kila mtu kudhani. Nimekaa hapa nikijiuliza ni wangapi waliopotea kwa ubaya, na wangapi kwa kudhani tu.

Kesi itaendelea. Kuna mashtaka, hayakwepeki, lakini mwendesha mashtaka amesema mbele ya watu kwamba kijana amesaidia. Mama yake anaruhusiwa kumtembelea baada ya Idi.

Uhamisho umekataliwa. Nilivuka mpaka bila ruhusa, ndivyo ilivyoandikwa. Nilimpigia Mbodze nikiwa najiandaa kumtuliza. Akanikatiza: "Basi mimi nitakuja huko Lunga Lunga. Nitafutie nyumba isiyo na ngazi." Ninaitafuta.

Idi njema kwako na nyumba yako.

Samuel


Msambweni,
19 Aprili 2024

Mtani wangu,

Mvua imeanza, barua hii Mishi ameifunga ndani ya mfuko wa plastiki.

Juzi nilimsindikiza Twaiba. Walitupa chumba chenye meza, askari mmoja mlangoni. Nilidhani mama na mwana watalia. Twaiba alikaa, akamtazama, akasema, "Umenyoa vibaya." Feisal akacheka, kisha akashindwa kuacha kucheka, kisha ikawa si kicheko tena. Mama yake akamshika kichwa juu ya meza mpaka muda ukaisha. Hawakusema lolote la maana. Tulipotoka, Twaiba aliniambia hajui kama amemsamehe. Kuna watu kule Somalia ambao mwanawe aliwatendea mambo, na wao pia wana mama. Alisema hivyo kwenye kituo cha gari, watu wakisikia, wala hakushusha sauti.

Hasina nilimpa kiti siku iliyofuata, tukazungumza habari za Sefu. Nimewaandikia wale watatu, barua moja, majina yao yote juu, kama ulivyofanya wewe. Wawili wamejibu watakuja kukaa naye. Wa miwani bado. Nitamwandikia tena.

Nami nilikuwa nimeazimia kupumzika. Nilimwomba chifu siku chache niende kwa mwanangu huko Vanga, nilale tu nisikie mvua. Alikubali. Asubuhi ya leo nimefunga begi, nimefungua mlango, nimemkuta mwanamke amekaa barazani kwangu, ameloa, viatu ameviweka pembeni ili asichafue sakafu. Kahaso jina lake, wa Mkongani. Simjui, hanijui. Amesema aliambiwa sokoni kwamba Msambweni kuna mama ambaye ukimpa jina la mtoto anarudi akiwa hai.

Nikamwambia si kweli, ilikuwa mara moja, na haikuwa mimi. Akanisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Wangu ni binti. Ana watoto wawili huko. Wanafika mpakani wiki ijayo."

Begi nimelirudisha ndani, nimemwekea chai. Sasa anakunywa, mimi naandika. Hajaniuliza kitu tena, ananitazama tu mkono unavyokwenda.

Muulize Mhina kama lile benchi lake litawatosha na watoto.

Mwanapili